Mifuko ya bagi filta inakufa kabla ya wakati? Anza na maji ya kompresa ndipo umlaumu muuzaji

#1 Pumzi Safi (mleta uzi)

Wakuu, habari za kazi.

Mimi ni fundi mitambo, na kwa miaka 17 sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa vumbi: kulikamata, kulichuja na kulirudisha linakotakiwa. Nimefanya zaidi kwenye saruji, ukanda wa pwani. Nimefungua uzi huu kwa sababu mwaka huu nimeshapigiwa simu na vijana watatu, kila mmoja na swali lile lile: "Mzee, mifuko mipya haijamaliza hata miezi sita imeziba. Tumeuziwa feki?" Inawezekana. Ila kwa niliyoyaona, mfuko feki ni sababu ya nne au ya tano. Ya kwanza ni maji.

Kwa wasioijua mashine yenyewe: bagi filta ni sanduku kubwa la chuma lenye mifuko mirefu ya kitambaa inayoning'inia kutoka kwenye bati lenye matundu. Ndani ya kila mfuko kuna keji ya waya ili kitambaa kisijikunje. Feni inavuta hewa chafu, hewa inapenya kutoka nje ya mfuko kwenda ndani, vumbi linabaki nje. Kila baada ya sekunde kadhaa valvu inafunguka kwa kama sehemu ya kumi ya sekunde, hewa ya kompresa inashuka ndani ya mfuko, mfuko unatutumka na vumbi linadondoka kwenye hopa, lile faneli kubwa la chini. Kazi yote ndiyo hiyo. Sasa fikiria: unapuliza hewa ndani ya kitambaa kilichojaa saruji. Hewa hiyo ikiwa na maji, unakoroga zege kwenye nguo.

Nilishuhudia kiwanda kimoja kikibadilisha mifuko ya kinu cha saruji mara tatu ndani ya mwaka mmoja na nusu. Mara ya tatu ndipo nilipoitwa. Sikupanda juu ya filta kwanza. Nilikwenda kwenye tangi dogo la hewa lililoshikana nayo, nikafungua koki ya chini. Hewa haikutoka. Yalitoka maji, meupe kama tui, yananuka oili, na yaliendelea kutoka zaidi ya dakika moja kabla hewa haijaanza kupuliza. Kijana wa shifti alibaki ameshika ndoo haamini. Tulipotoa mfuko mmoja ulikuwa mgumu kama gunia la saruji lililonyeshewa. Niliukunja, ganda likapasuka vipande na chini yake kitambaa kikachanika kama karatasi, kwa sababu polyesta ikikaa kwenye joto na unyevu pamoja inaoza nyuzi zake. Muuza mifuko hakuwa na kosa lolote. Dreni ya otomatiki ya kompresa, ile inayomwaga maji yenyewe, ilikuwa imekufa, na mashine ya kukaushia hewa ilikuwa imerukwa kwa bomba la pembeni "kwa muda" tangu ilipoharibika.

Watu wa pwani hawaamini maji haya yanatoka wapi, kwa hiyo nawawekea hesabu. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 inabeba kama gramu 24 za maji kwa kila mita moja ya ujazo. Kompresa inayovuta mita za ujazo 10 kwa dakika inavuta 600 kwa saa, yaani zaidi ya kilo 14 za maji kwa saa. Ukishaikandamiza hewa hiyo hadi bar 7 na kuipoza hadi nyuzi 40, haiwezi tena kubeba zaidi ya kilo 4 hivi. Zinazobaki, kama lita 10 kwa saa, lazima zitoke mahali fulani. Zisipotoka kwenye dreni zitatoka kwenye mifuko yako. Na zile kilo 4 zilizobaki kama mvuke zinageuka maji usiku, bomba likipoa. Ndiyo maana mashine ya kukaushia si pambo.

Kwa hiyo kabla hujaandika oda ya mifuko mipya: fungua koki ya tangi la filta kwa mkono wako, asubuhi, kabla jua halijapiga. Ukiona maji, acha oda, nenda kompresa.

Karibuni na maswali. Nitajibu ninayoyajua.

#2 Shifti C

Mzee shikamoo, na asante kwa uzi. Mimi nipo upande wa kufungashia. Filta yetu ina geji ya presha pembeni, inasoma 40 tangu nimeajiriwa, haipandi haishuki. Wakubwa wanasema 40 ni nzuri sana, filta iko safi. Lakini chumba cha kufungashia, mchana taa zinawaka na mwenzako wa mita tano humuoni. Inawezekanaje geji iwe nzuri na vumbi liwe hivi?

#3 Pumzi Safi

Marahaba kijana. Umeuliza swali lililo muhimu kuliko yote, nitalijibu taratibu.

Geji hiyo inapima tofauti ya presha kati ya upande mchafu na upande safi wa mifuko. Kwa filta nyingi za aina hii inasomwa kwa milimita za maji. Mifuko ikiwa mipya kabisa utaona 25 hadi 50. Ikishazoea kazi inatulia kati ya 75 na 150. Ikivuka 200 mifuko imeziba au haisafishwi, na feni haivuti tena inavyotakiwa. Ikishuka ghafla, jua kuna mfuko umechanika au umedondoka, hewa imepata njia ya mkato.

Namba moja peke yake haikuambii kitu. Kinachosema ni mwendo wake. Ndiyo maana nasisitiza daftari: kila shifti, namba, saa, jina la aliyesoma. Filta inayotoka 100 kwenda 115 kwenda 130 ndani ya wiki tatu inakuomba msaada ukiwa bado na muda wa kupanga. Geji isiyocheza kabisa mwaka mzima, wakati kinu kinawaka na kuzimwa, haipimi chochote. Filta ikizimwa lazima irudi sifuri. Yako inarudi?

Fanya hivi, kwa ruhusa ya msimamizi wako: chomoa vile vijibomba viwili vyembamba nyuma ya geji. Angalia kama sindano inarudi sifuri. Halafu puliza vijibomba kuelekea kwenye filta kwa hewa kavu, kidogo kidogo. USIPULIZE kuelekea kwenye geji, utaiua. Kisha rudisha na usome. Nipe majibu hapa hapa.

#4 Msaga Nafaka

Mleta uzi naomba nitofautiane kidogo. Mimi nina kinu cha unga wa mahindi na ngano, filta ndogo ya mifuko 36. Nimeiseti ipulize mfululizo, haipumziki. Mifuko iko safi muda wote, geji chini. Sioni kwa nini watu mnahangaika na namba.

#5 Pumzi Safi

Ndugu yangu, nakuelewa, na wengi tulianza hivyo. Ila mfuko safi kabisa hauchuji vizuri. Kinachochuja vumbi laini si kitambaa peke yake, ni ule utando mwembamba wa vumbi uliokaa juu yake. Ukiukung'uta bila kupumzika unauondoa, chembe ndogo zinaingia katikati ya nyuzi, nyingine zinapita moja kwa moja. Nenda kaangalie mdomo wa bomba la kutolea hewa safi. Pitisha kitambaa cheupe. Ukikuta unga, nimesema kweli.

La pili, kila mpulizo ni pigo. Kitambaa kinatanuka, kinarudi na kugonga waya wa keji. Mipulizo mara tatu zaidi ni uchakavu mara tatu zaidi, na umeme wa kompresa juu. Vifaa vingi vya siku hizi vinaruhusu kuseti: anza kupuliza ikifika 120, acha ikishuka 90. Kama chako ni cha taima tu, ongeza muda kati ya mpulizo na mpulizo polepole huku ukiangalia geji, hadi itulie kwenye 100 hivi. Presha ya hewa iwe bar 5 au 6. Ukiona unalazimika kwenda 7 ili isafishe, tatizo liko kwingine.

Nikishapanda juu ya filta, masikio ndiyo yanayofanya kazi. Valvu nzima inapiga mlio mfupi mkavu, "pwa!", halafu kimya. Ukisikia "pwaaa-fsss" inayoburuta, dayaframu (ule mpira wa ndani ya valvu) imepasuka au ina uchafu chini yake. Ukisikia "tik" tu bila pigo, koili (sumaku ya umeme inayofungua valvu) imeamka lakini hewa haikutoka. Usiposikia kitu, angalia waya au koili. Tembea na chaki, tia alama kila valvu inayougua. Kwa filta ya valvu 20, robo saa inatosha kujua afya yake yote. Na dayaframu moja iliyopasuka inavujisha hewa ya tangi zima, kwa hiyo hata valvu nzima zinapiga kinyonge. Watu wanaona mifuko yote imeziba wanabadilisha yote, kumbe shida ni kipande cha mpira.

Kwa unga wako nina wasiwasi mwingine mkubwa zaidi, ila naona mwenzetu wa mbao anaandika, nitawajibu pamoja.

#6 Mbao za Mafinga

Wakuu, sisi huku ni karakana ya mbao za msindano. Tumejitengenezea mfumo wa kuvuta vumbi la randa na msumeno: feni, mabomba ya plastiki yale ya maji taka, na mifuko mikubwa miwili. Unafanya kazi vizuri, ila ukishika bomba wakati mashine inawaka unapigwa kashoti kadogo. Mwisho wa siku vijana wanasafisha mihimili ya paa kwa hewa ya kompresa. Kuna ubaya?

#7 Pumzi Safi

Kaka, naomba usimamishe mambo mawili hayo leo. Nasema leo.

Kashoti unachokisikia ni umeme tuli. Vumbi kavu likisugua plastiki linachaji bomba, na plastiki haina njia ya kuushusha ardhini. Siku cheche ikiruka ndani ya bomba lenye vumbi laini la kutosha, litawaka. Vumbi la mbao, unga wa ngano, sukari, alumini, vyote vinalipuka vikiwa vimetawanyika hewani. Saruji hailipuki, ndiyo maana sisi wa saruji tunaweza kuwa wazembe kwa hili. Ninyi hamna nafasi hiyo.

Tarehe 7 Februari 2008, kiwanda cha Imperial Sugar huko Port Wentworth, Georgia, Marekani, kililipuka kwa vumbi la sukari. Watu 14 walikufa. Mlipuko wa kwanza ulianzia kwenye mkanda uliofunikwa, lakini uliomaliza majengo ni ule uliofuata: mtikisiko ulilirusha hewani vumbi lililokuwa limelala sakafuni na juu ya vitu kwa muda mrefu, likawaka nalo. Tarehe 2 Agosti 2014, Kunshan, China, kiwanda cha kung'arisha rimu za magari: vumbi la alumini lililoachwa ndani ya mfumo wa kukusanyia lililowana, likapata joto lenyewe, likalipuka. Waliokufa walifika 146. Mfumo uliowekwa kuwalinda ndio uliokuwa chanzo, kwa sababu haukusafishwa.

Sasa mihimili yako. Mwongozo wa zima moto unaotumika sana Marekani unahesabu vumbi lenye unene wa milimita 0.8, kama waya wa klipu ya karatasi, kuwa hatari likishatanda sehemu kubwa ya jengo. Ukilipuliza kwa kompresa unalitoa mahali lilipolala na kulifanya wingu, yaani hali ile ile linayohitaji ili lilipuke. Fagia polepole kwa ufagio laini, au tumia vakyumu iliyotengenezwa kwa vumbi linaloweza kulipuka. Badilisha mabomba yawe ya bati, kila kiungo kiunganishwe kwa waya wa shaba na mwisho wake ushuke ardhini. Mifuko ihamishie nje ya jengo. Weka sumaku au kizuizi cha misumari kabla ya feni, kwa sababu msumari ukigonga pangaboi ni cheche. Na vumbi la mbao lenyewe limo kwenye orodha ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, kama kisababishi cha saratani ya pua.

Msaga Nafaka, haya yote yanakuhusu wewe pia. Angalia na beringi za elevita yako, ile ya kupandisha nafaka juu: zikishapata moto na unga upo, hakuna kinachosubiriwa.

#8 Dada wa Usalama (Athi River)

Hamjambo wote. Mimi ni afisa wa usalama na afya kazini huku Athi River. Pumzi Safi umeongea vizuri juu ya mashine, niruhusu niongeze kuhusu mtu anayeingia ndani ya hiyo mashine.

Siku ya kubadilisha mifuko ndiyo siku mbaya kuliko zote. Nimewahi kukuta vijana ndani ya filta, feni imezimwa kwenye kitufe tu, hakuna kufuli kwenye swichi kuu, wamejifunga leso puani. Skrubu ya kusukuma vumbi chini ya hopa ilikuwa bado na umeme. Mtu mmoja kwenye paneli angebonyeza bila kujua na tungekuwa tunaongea mambo mengine leo. Kila anayeingia awe na kufuli yake na ufunguo ukae mfukoni mwake. Hewa ya tangi itolewe yote, kwa sababu valvu ikipiga ukiwa umeinamia mdomo wa mfuko inaumiza macho na masikio. Mlangoni abaki mtu asiyefanya kazi nyingine. Kuwe na kibali cha maandishi. Hiyo ni nafasi iliyofungwa, na hopa iliyojaa vumbi inaweza kukumeza kama mchanga.

Barakoa ya kitambaa haizuii chembe zinazoua. Zile ndogo, chini ya mikroni kumi, hazionekani kwa macho na ndizo zinazoshuka hadi mwisho wa mapafu. Kwenye mawe, mchanga na udongo wa malighafi kuna silika. Marekani kiwango tangu kanuni ya 2016 ni mikrogramu 50 kwa mita ya ujazo kwa saa nane, na huwezi kukiona hicho kwa jicho. Silikosisi, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi la silika, haina dawa ya kuiondoa, na mwenye silikosisi anashikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Watu huku wanatibiwa TB mara mbili, mara tatu, na hakuna anayewauliza wamefanya kazi wapi.

#9 Pumzi Safi

Dada, ubarikiwe. Kwa hilo la kufuli nimeshamzika rafiki, sitasema zaidi.

Niongeze la kuvuta, maana Shifti C chumba chake kimejaa vumbi na huenda filta si mkosaji peke yake. Filta ina kiasi chake. Mfuko wa kipenyo cha milimita 160 na urefu wa mita 3 una kitambaa kama mita za mraba 1.5. Mifuko 200 ni mita 300. Kwa saruji napenda hewa isizidi mita moja ya ujazo kwa dakika kwa kila mita ya mraba, yaani 300 kwa dakika, 18,000 kwa saa. Sasa kila mwaka mtu anaongeza tundu: hapa mkanda mpya, pale mashine mpya ya kufungashia, wanatoboa bomba kubwa wanaunga kijibomba. Feni ni ile ile. Kila mdomo unapata kidogo, na hewa ikipungua kasi bombani, chini ya mita 18 hivi kwa sekunde, vumbi linalala humo humo. Gonga bomba la mlalo kwa kifundo cha kidole: likilia "ngo" ni tupu, likilia "du" limejaa.

Dampa, vile vilango vya kugawa hewa kwenye mabomba, zikishapangwa ziwekewe alama ya rangi na zifungwe zisichezewe. Kila mwendeshaji anapenda kufungua ya kwake, na anapoifungua anamnyang'anya mwenzake.

Na angalieni feni inazunguka upande gani baada ya fundi umeme kugusa mota. Feni za aina hii zikizunguka kinyume bado zinavuta, ila kidogo sana, kwa hiyo hakuna anayeshtuka. Nilishakuta moja imefanya hivyo miezi minne.

Hopa nazo: si ghala. Vumbi litoke muda wote. Hopa ikiziba msiipige nyundo, mnatengeneza mabonde ndani na vumbi linashika zaidi. Na mkizima kinu, acheni feni na mipulizo iendelee kama robo saa, mifuko ilale mikavu na safi.

#10 Shifti C

Mzee, nimerudi. Msimamizi alikubali, tulifanya jana filta ikiwa imezimwa. Sindano haikurudi sifuri hadi tulipochomoa kijibomba cha upande mchafu. Ndani kilikuwa na saruji iliyoganda urefu wa kidole. Tulizibua, tukapuliza kuelekea kwenye filta kama ulivyosema. Tulipowasha ikasoma 210. Msimamizi alisimama pale akiitazama muda mrefu.

#11 Pumzi Safi

Pole, na hongera. 210 ni namba ya kweli, sasa mnaweza kufanya kazi. Msinunue mifuko bado. Koki ya tangi kwanza, halafu masikio juu ya filta, halafu mzunguko wa feni. Kwa mpangilio huo.

#12 Shifti C

Koki imetoa maji nusu ndoo. Valvu ni 16, tumetia chaki 5: tatu zinaburuta, mbili kimya kabisa. Feni inazunguka sawasawa. Dayaframu tumepata tatu stoo, tumeshafunga, na mashine ya kukaushia hewa fundi anaifungua kesho. Geji saa kumi jioni ya leo 165, na jina langu liko kwenye daftari, ukurasa wa kwanza.